Maadili Ukutani: Kibao Kinapofanya Kazi na Kinapobaki Rangi Tu

Mhariri aliponiomba makala alinisihi nisiandike tena habari za pampu na mabomba, eti mara ya mwisho watu walisinzia. Haya, nimesikia. Safari hii nimeleta mada ambayo kila mmoja wetu anakutana nayo kila siku: maadili yanayoonyeshwa hadharani, na jinsi yanavyoigusa jamii.

Nikisema "kuonyesha maadili hadharani" nakusudia njia zote ambazo watu hutumia kutangaza kwamba wao wanathamini jambo fulani. Kibao cha ofisini kinachosema hapa hatupokei rushwa. Stika ndani ya basi. Vazi. Kiapo cha kiongozi mbele ya kamera. Orodha ya waliochangia msiba, pamoja na kiasi alichotoa kila mtu. Hata yale maandishi ya kwetu, "USIKOJOE HAPA", ambayo sote tunajua kwamba mara nyingi yameandikwa pale pale panaponuka.

Mfano huo wa mwisho unachekesha, lakini ndio unaobeba swali lenyewe. Maandishi yapo, herufi ni kubwa, na harufu haijaondoka. Sasa je, kutangaza maadili kunabadilisha watu, au kunatupa raha tu ya kujiona wema? Jibu langu ni kwamba inategemea mambo mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyachunguza: tangazo linambana nani, na anayeliona anaweza kufanya nini. Likimbana aliyelitangaza, na likampa anayeliona nafasi ya kusema, lina faida. Likikosa hayo linabaki pambo. Na likiwabana wanyonge peke yao, linageuka fimbo. Naomba mnivumilie nieleze kwa mifano, halafu mwishoni nitagusa jambo linaloisubiri jumuiya yetu.

TUANZIE HAPA TULIPO

Mtu akishuka Muscat kwa mara ya kwanza anaona haraka kwamba hapa maadili yana sura. Wanaume wa Kiomani wanaofanya kazi serikalini wanavaa dishdasha na kofia au kilemba, hiyo ndiyo nguo ya ofisini. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, unapokea wageni wasio Waislamu nyakati za asubuhi, na pale getini masharti ya mavazi hayana mjadala: mwanamke afunike nywele, mikono na miguu, na mwanamume asije na kaptura. Mwezi wa Ramadhani ndio zaidi. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2018 inatoa kifungo cha siku 10 hadi miezi 3 kwa anayekula au kunywa hadharani mchana wa Ramadhani.

Hebu tuangalie vizuri sheria hiyo inapima nini. Haikuulizi kama umefunga. Mwenzetu Mkristo kutoka Kampala au Bujumbura anakunywa chai yake chumbani na hakuna anayemgusa. Kinachoangaliwa ni kile kinachoonekana barabarani. Wapo wanaosema huo ni unafiki, kwamba watu wanalazimishwa kuigiza. Mimi naona hoja hiyo ina haraka. Hapa Oman tunaendesha magari upande wa kulia, kwetu Afrika Mashariki ya Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Hakuna upande wenye dhambi. Lakini lazima kila mmoja ajue upande ni upi, na ajue kwamba wenzake nao wanajua, la sivyo tutagongana. Sehemu kubwa ya maadili ya hadharani inafanya kazi hiyo ya kupanga foleni, ili mimi na wewe tusioamini mambo sawasawa tuweze kupita njia moja bila kukwaruzana.

Kwa hiyo faida ya kwanza ipo, na ni kubwa. Ila ina mpaka wake. Ukimwona mtu kavaa kanzu safi umejua kavaa kanzu safi, basi. Hujajua kama analipa deni lake. Matatizo yanaanza pale jamii inapochukua kile kinachoonekana ikakifanya ushahidi wa kile kisichoonekana.

KWA NINI MACHO YA WATU YANA NGUVU

Sisi watu wa mahesabu tunapenda majaribio, kwa hiyo niwape mawili.

La kwanza lilifanyika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, likachapishwa mwaka 2006. Kwenye chumba cha chai cha wafanyakazi kulikuwa na kisanduku: ukinywa chai au kahawa, unatumbukiza hela mwenyewe, hakuna anayekusimamia. Watafiti walibandika picha juu ya bei, wiki moja picha ya maua, wiki nyingine picha ya macho ya binadamu, wakaendelea hivyo kwa wiki 10. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Ni karatasi tu! Majaribio mengine yaliyofuata baadaye hayakupata matokeo makubwa namna hiyo kila mara, kwa hiyo tusikimbilie kubandika macho kila ukuta. Lakini mwelekeo wake haushangazi. Binadamu akihisi anaonekana, anajikaza.

La pili lilifanyika Marekani, kwenye hifadhi ya msitu uliogeuka mawe huko Arizona. Wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti hiyo ya mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakajaribu mabango ya aina mbalimbali. Bango moja lililalamika kwamba wageni wengi waliopita wamechukua vipande na kuharibu hifadhi. Jingine liliomba tu watu wasichukue. Penye bango la malalamiko karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa viliibwa. Penye ombi la kawaida, chini ya asilimia 2.

Mnaona kilichotokea? Bango la kwanza lilikusudia kukemea, lakini msomaji alipata habari nyingine kabisa: kumbe wengi wanachukua, nami nichukue changu. Jamani, fikirieni ni mara ngapi viongozi wetu wanasimama jukwaani wakilia kwamba "siku hizi kila mtu ni mla rushwa". Wanadhani wanatufundisha maadili, kumbe wanatupa ruhusa.

KENYA: KIBAO CHA OFISINI NA STIKA YA MATATU

Sasa turudi nyumbani. Kenya imetupa mifano miwili ambayo ukiiweka pamoja inaeleza karibu mada yote.

Desemba 2002 Wakenya walimchagua Mwai Kibaki kwa matumaini makubwa ya kumaliza ufisadi. Mwaka 2003 zikapitishwa sheria mpya za kupambana na rushwa na za maadili ya watumishi wa umma, na John Githongo akateuliwa kuwa Katibu Mkuu wa masuala ya utawala bora na maadili. Katika miaka hiyo ofisi za serikali zikajaa vibao vilivyotangaza kwamba eneo hilo halina rushwa. Na mwanzoni, hasa miezi ile ya kwanza ya 2003, wananchi waliamini kweli kweli. Ziliripotiwa habari za abiria wa matatu waliomgeukia polisi aliyeomba kitu kidogo na kumzuia wenyewe.

Halafu ikaja kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, ya mikataba ya mabilioni na kampuni hewa. Februari 2005 Githongo alijiuzulu akiwa nje ya nchi, akabaki Uingereza. Vibao je? Vibao vilibaki ukutani. Mwananchi akakaa kwenye benchi chini ya maandishi yale yale, akisubiri faili ambalo bila chai halitembei.

Angalieni tofauti ya miezi ile ya mwanzo na miaka iliyofuata. Maneno ya kibao hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kwamba mwanzoni abiria aliyesema aliamini kuna mtu juu atakayemsikiliza. Baadaye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alilazimika kuondoka. Kwa lugha ya fani yangu, kibao kile ni kama taa ya kijani kwenye dashibodi ambayo fundi ameiunganisha moja kwa moja na betri. Inawaka daima, injini iwe nzima au iwe inaungua. Taa ya namna hiyo ni bora isiwepo, maana angalau dereva angeshuka afungue boneti.

Mfano wa pili ni wa matatu zenyewe. Wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio Kenya kuanzia mwaka 2008. Walichukua matatu zaidi ya 2,000, wakazigawa kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi moja likabandikwa stika ndani, upande wa abiria, zikiwahimiza wasikae kimya dereva akikimbiza gari ovyo. Madereva wa kundi hilo waliingizwa kwenye droo ya zawadi kila wiki ili wasizibandue. Kisha watafiti wakaangalia madai yaliyofikishwa kwenye bima. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, matatu zenye stika zilikuwa na madai pungufu kwa nusu hadi theluthi mbili ukilinganisha na zisizo nazo. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, uliochapishwa 2015, ulipata upungufu wa robo hadi theluthi, na kampeni yenyewe ikajulikana kwa jina la Zusha.

Nani asiyejua matatu? Dereva anatanua, muziki juu, makanga ananing'inia mlangoni, na ndani watu 14 wameshika viti huku kila mmoja anasali kimoyomoyo. Kila abiria anaogopa. Lakini kila mmoja anadhani akisema peke yake ataonekana mshamba au mwoga, na makanga atamwambia ashuke akapande ndege. Stika haikumwongezea abiria elimu yoyote, maana alishajua kwamba mwendo ule unaua. Ilimwambia kwamba kusema ni haki yake na kwamba wenzake wamesoma maneno yale yale. Madereva walipoulizwa miezi kadhaa baadaye, majibu yao yalionyesha kwamba abiria kupiga kelele kulichangia kupunguza mwendo.

Linganisheni sasa. Kibao cha ofisini kilikuwa tangazo la mwenye mamlaka akijisifu mbele ya mwananchi. Stika ya matatu ilikuwa tangazo lililomkabidhi mnyonge maneno ya kumwambia mwenye usukani. Vyote viwili ni karatasi na gundi. Mmoja ulibaki pambo, mwingine uliokoa miguu na roho za watu.

TANZANIA: MIIKO YA VIONGOZI NA SKETI ZA WASICHANA

Nikasema pia kuna maadili yanayogeuka fimbo. Mfano wangu ni Tanzania ya miaka ya 1967 hadi 1969, kwa sababu nchi moja, chama kimoja, ndani ya miaka miwili, ilitangaza maadili kwa namna mbili tofauti kabisa.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Ndani yake mlikuwa na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa kwenye makampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tuweke pembeni ubishi wa siasa ya ujamaa wenyewe. Tazama tu umbo la tangazo. Linawabana waliolitangaza, si jirani zao. Na ni mambo yanayoonekana na kuhesabika: nyumba ipo au haipo, mpangaji yupo au hayupo. Mwananchi wa kawaida anaweza kunyoosha kidole.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukaja na jambo la pili, Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kwa jina la kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana yalishawavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, mpaka polisi wakaingilia kati. Barua za wasomaji zikamiminika magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kama suti na tai ndiyo utamaduni wa Mwafrika, na kwa nini mzigo wote wa utamaduni abebeshwe msichana anayesubiri basi.

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Aliyetangaza hakubanwa na chochote. Aliyebanwa ni mtu aliyekuwa peke yake kituoni, asiye na nafasi ya kujibu. Na kijana aliyemrarulia nguo alirudi nyumbani akijiona mtetezi wa maadili, wakati alichofanya ni kumshambulia mwanamke.

Msidhani hayo ni ya zamani. Februari 2014 Uganda ilitia saini sheria dhidi ya ponografia. Mjadala wake ulitawaliwa na habari za sketi fupi, ingawa sheria iliyopitishwa haikutaja sketi, na wanawake wakaanza kushambuliwa mitaani hadi polisi wakawaonya watu wasichukue sheria mkononi. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo. Kenya nayo, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye stendi Nairobi, na tarehe 17 mwezi huo wanawake na wanaume wakaandamana kudai mtu avae atakavyo bila kupigwa. Desemba mwaka huo huo kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawekwa kwenye sheria kama kosa linalojitegemea.

Na miiko ya viongozi iliishia wapi? Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliilegeza. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali zake kwa maandishi, ingawa mwananchi akitaka kuona tamko hilo kuna masharti ya kupitia. Msichana alipimwa sketi hadharani, lakini mali ya mkubwa inasomwa kwa masharti. Sisemi serikali ndiyo peke yake yenye tabia hiyo. Familia zetu zinaifanya, vyama vyetu vinaifanya. Ni rahisi mno kutangaza maadili ambayo gharama yake analipa mtu mwingine.

FOMU YA UADILIFU

Kuna wanaosema dawa ni kuapa na kutia saini. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopata sifa dunia nzima: kwamba mtu akitia saini tamko la ukweli juu ya fomu, kabla hajaijaza, atadanganya kidogo kuliko anayesaini chini. Serikali na makampuni wakaanza kuuiga. Mwaka 2020 waandishi wenyewe walirudia jaribio kwa watu wengi zaidi wakakuta hakuna tofauti. Mwaka 2021 ukaguzi ulionyesha kwamba sehemu ya takwimu za awali ilikuwa ya kutengenezwa, na makala ikafutwa na jarida. Utafiti wa uaminifu, takwimu za uongo! Lau ingekuwa hadithi tungesema mtunzi kazidisha.

Funzo lake kwetu ni dogo lakini la maana. Udanganyifu ule haukugunduliwa kwa sababu mtu alikuwa na sura ya uaminifu. Uligunduliwa kwa sababu takwimu ziliwekwa wazi na watu wengine wakaweza kuzihesabu upya.

UBAO WETU WENYEWE

Sasa nifike pale nilipoahidi. Kama mnavyojua, mkutano ujao wa jumuiya utajadili pendekezo la kubandika ubaoni, na kuweka kwenye kundi letu la simu, majina ya waliochangia misiba na kiasi alichotoa kila mtu. Wenye hoja wanasema itahamasisha. Mwenzetu akifiwa, au Mungu apishie mbali mmoja wetu akifariki ugenini, gharama za kusafirisha maiti si mchezo, na michango inachelewa. Nawaelewa. Na kwa jaribio la Newcastle huenda ni kweli kwamba tukitazamana zitapatikana riyali nyingi zaidi.

Lakini tupitishe pendekezo hili kwenye maswali yetu mawili.

Linambana nani? Linambana mwanafunzi anayejilipia ada mwenyewe, au anayetuma nusu ya posho yake nyumbani kwa mama. Akiona juu ya jina lake kuna riyali 20, na yeye anazo 2, hataandika 2. Hataandika kitu. Halafu ataona aibu kuja kwenye matanga, na baada ya miezi mitatu hatumwoni tena hata kwenye futari. Tutakuwa tumepata pesa tukapoteza mtu, na jumuiya kazi yake ya kwanza ni kutopoteza mtu. Isitoshe, kama kati ya watu 60 wameandikwa 12 tu, orodha hiyo ni lile bango la Arizona. Kila anayeisoma atajifunza kwamba wengi hawatoi, kwa hiyo kutotoa ni kawaida.

Anayeliona anaweza kufanya nini? Anaweza kunong'ona tu. "Fulani ana gari lakini katoa riyali 3." Hajui kama fulani anadaiwa, hajui kama alishampa mfiwa mkononi usiku. Hakuna lolote la kujenga analoweza kulifanya na habari hiyo.

Na yupo mtu mmoja ambaye orodha hiyo haimbani hata kidogo: anayeshika pesa.

Kwa hiyo napendekeza tugeuze ubao. Tubandike majina ya watu watatu wanaopokea na kutunza michango. Tubandike jumla iliyopatikana, idadi ya waliotoa bila majina, kiasi kilicholipwa na kwa kazi gani, nakala za risiti, na salio. Chini yake iandikwe siku ambayo mwanachama yeyote anaweza kuja kuuliza, na kwamba kuuliza si kumtuhumu mtu. Hayo ndiyo maadili ya hadharani yanayofanana na stika ya matatu. Yanambana mwenye usukani, na yanampa abiria ruhusa ya kusema.

Najua kuna watakaouliza: bila majina nani atatoa? Ndugu zangu, tokeni jioni moja ya Ramadhani saa za magharibi muangalie misikiti ya mji huu. Mikeka imetandikwa, tende, maji na wali vimepangwa, na wafanyakazi kutoka Bangladesh, Pakistan na kwetu wanakaa bega kwa bega. Ukarimu wote uko hadharani, huwezi kutouona. Aliyelipia wali hajulikani. Anayekula haulizwi ni nani wala katoka wapi. Ukarimu unaonyeshwa pale, mtoaji anasitirika, na mpokeaji anasitirika pia. Nimeona mambo mengi ya kuiga hapa Oman, na hili naliweka mbele.

Kama hofu bado ipo, tujaribu muhula mmoja tu kwa utaratibu huu wa risiti, tukihesabu idadi ya watu waliotoa badala ya kuangalia riyali peke yake. Watu wakipungua nitasimama mwenyewe mkutanoni niseme tubadilishe. Wakiongezeka, hata kama ni kwa riyali moja moja, tutajua kwamba waliokuwa kimya hawakuwa wachoyo. Walikuwa wanaona haya.

Mengine ni yenu. Njooni mkutanoni, na yule anayeona nimekosea asibaki nyuma ya mlango akinong'ona, anyanyue mkono. Naomba kutoa hoja.